Senario ya kwanza: usitafute ajenti mbele ya kumaliza kazi

BUNIA. – Kijana mmoja wa Ngezi alikuja kutuona na kaye ya shule mkononi. Baba yake ni mchimbaji wa dhahabu, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi, mara ingine hata miezi miwili inapita. Ndani ya ile kaye kijana ameandika hadithi ya filme: kurasa 31, na mwisho haujafika bado.

«Yaya, ajenti niko naye tayari, nilimupata kwa WhatsApp. Anasema nitume dola 150 juu afungue dosie yangu kule Ulaya. Papa iko tayari kuuza dhahabu ya mwezi huu. Tutume ao tusitume?»

Tulimjibu pale pale: musitume. Lakini neno hilo peke yake halitoshi, kwani swali lake ni la vijana wengi wa mji huu wanaoandika usiku. Mwandishi mpya aanze wakati gani kutafuta ajenti?

Kwanza, ajenti ni nani?

Ni mtu anayepeleka kazi ya mwandishi kwa wenye kutengeneza filme, anazungumza bei, anasoma kontra mbele mwandishi aweke sinyature. Mshahara wake ni fungu la kile mwandishi anapata. Marekani na Ufaransa, kwa kawaida ni 10 kwa 100. Mwandishi akipata dola 1.000, ajenti anachukua 100. Mwandishi akikosa, ajenti naye anakosa. Kwa hiyo, anayeomba franga mbele ya kuuza kitu si ajenti. Ni mtu anayekula kwa ndoto ya mtoto wako.

Hata kule kwenye maajenti wa kweli, waandishi wanafungua macho. Mwezi wa ine 2019, waandishi zaidi ya 7.000 wa Marekani waliacha maajenti wao kwa pamoja. Sababu ni kwamba ofisi kubwa za maajenti zilikuwa zinapokea pia malipo kwa upande wa wanaotengeneza filme. Waandishi walisema: huwezi kututetea sisi na huku unalipwa na yule tunayezungumza naye bei.

Wachimbaji wanajua jibu

Hakuna mchimbaji anayebeba udongo mufuko muzima mpaka kwa négociant na kumwambia: «Ndani mule dhahabu iko, nipe franga.» Anachimba, anasaga, anaosha mchanga, na kile kidogo kinachobaki njo kinapanda kwenye mizani. Senario iko vilevile. Wazo ni udongo. Kurasa 31 bila mwisho ni mchanga ambao haujaoshwa.

Sisi tunasema wakati umefika kama mambo matatu yamekamilika.

La kwanza: senario imeisha, na imeandikwa upya zaidi ya mara moja. Ukurasa mmoja wa senario ni karibu dakika moja ya filme; filme ndefu inaomba kurasa 90 ao 100 hivi. Watu wasiokuwa ndugu zako waisome, wakuonyeshe mahali wamechoka.

La pili: uko na kazi ingine. Msomaji akipenda ya kwanza, swali linalofuata ni: «Una nini tena?» Mwenye senario moja tu anabaki kimya.

La tatu: kuna kitu cha kuonyesha. Filme ya dakika tano, hata ya telefone, inasema zaidi kuliko barua ndefu.

Mlango wetu si ajenti

Huku kwetu mwandishi hapitii kwanza kwa ajenti. Anapitia kwa produktere, mwenye kutafuta pesa za filme, na kwa mafunzo ambamo maproduktere na waongozaji wanakutana na vijana.

Tazama njia ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani. Yeye anatengeneza filme za kweli, zile za documentaire, lakini njia ni ileile. Alipita kwa mafunzo, akatoa filme fupi. Mwaka 2010 filme zake mbili, moja alifanya pamoja na Divita Wa Lusala, ziliingia ndani ya «Congo in Four Acts», kazi ya vijana iliyotoka kwa Suka! Productions ya Djo Munga kule Kinshasa. Ndani ya kazi hiyo kulikuwa pia filme ya Kiripi Katembo juu ya Kipushi, mji wa mine, na watu wanaoishi na sumu iliyobaki kwenye udongo. Ilionyeshwa Berlin mwaka uleule. Miaka kumi baadaye, 2020, filme ya Hamadi juu ya walemavu wa vita vya siku sita vya Kisangani ilichaguliwa na festivali ya Cannes. Kazi ilitangulia, milango ikafuata.

Kwa sisi wa Mashariki, Goma ni karibu kuliko Ulaya: Yolé!Africa imefundisha vijana wengi sinema kule.

Na mbele ya kutuma senario kwa mtu yeyote, weka jina lako na tarehe juu yake, chunga kopi. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 mwezi wa ine 1986 inalinda kazi ya mwandishi, na SOCODA njo shirika la haki za waandishi. Wazo ulilosimulia kwenye kiti cha baa, hilo hakuna wa kukulindia.

Wazazi, musicheke mtoto anayeandika. Mununulie kaye, mumuachie taa usiku. Lakini dhahabu iliyotoka ndani ya shimo kwa jasho, isitoke nyumbani kwa ujumbe wa WhatsApp.

Kijana wetu alirudi Ngezi na kaye yake. Dola 150 zitalipa minervali ya wadogo zake. Yeye ameahidi kutuletea ukurasa wa mwisho.