Mwenye Kovu Usidhani Amepoa

Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Viongozi huweka mikuki, ngao na mashada ya maua kwenye minara ya kumbukumbu, tarumbeta hupigwa, na watu husimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani. Ni jambo jema na liendelee. Lakini, wasomaji wapendwa, siku inayofuata mzee aliyepigana vita yuko nyumbani kwake Nkololo, Dutwa au Lagangabilili, na mguu wake bado unamuuma. Mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya mzee huyo. Sisi wauguzi tunakutana naye mara kwa mara wodini na kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, nasi tunaamini kwamba shukrani anayoihitaji zaidi ni kutunzwa afya yake.

Ni akina nani hawa?

Wengi ni wale wa Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua raia, yakapora mifugo na kudai kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Mapema Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Pamoja na askari wa JWTZ waliitwa polisi, askari magereza, vijana wa JKT na maelfu ya mgambo kutoka vijijini. Wakati huo Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kampala ilitekwa Aprili 1979, na mapema Juni vita vilikwisha.

Waliokufa, wengi wao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Waliorudi, hasa mgambo, walivua sare wakashika tena jembe, pamba na ng'ombe. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia miaka 70. Kabla yao walikuwepo babu zetu wa KAR, waliopelekwa na Waingereza hadi Ethiopia, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili. Na baada yao wapo vijana wetu waliolinda amani Darfur na Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki mashariki mwa Kongo, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja. Wenzao waliorudi wanaishi miongoni mwetu.

Majeraha ya mwili

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Hospitalini tunaona kwamba usemi huo ni kweli kabisa, kwa namna hizi:

Vipande vya chuma. Risasi au vipande vya bomu mara nyingi huachwa mwilini kwa sababu kuvitoa ni hatari kuliko kuviacha. Vingi havisumbui. Lakini kipande kinaweza kuanza kuuma, kuvimba au kutunga usaha hata baada ya miaka mingi. Mzee mwenye chuma mwilini amwambie daktari kabla ya kipimo chochote, na hasa kabla ya kile cha mashine yenye sumaku kali, yaani MRI, kwa kuwa sumaku inaweza kukivuta kipande hicho. Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha kilipo.

Usaha wa mfupa. Mfupa uliovunjwa na risasi unaweza kubaki na vijidudu vilivyojificha. Kidonda hufunga, miaka inapita, kisha panatokea tundu dogo linalotoa usaha. Kupaka dawa juu yake hakutoshi. Mgonjwa anahitaji picha ya mfupa, dawa kwa muda mrefu, na mara nyingine upasuaji.

Kovu linalogeuka. Kidonda kilichokaa miaka mingi bila kupona, au kovu kubwa la moto linalochanika mara kwa mara, linaweza kugeuka saratani ya ngozi. Ukiona kingo zake zimenyanyuka na kuwa ngumu, nyama inaota, panatoa harufu mbaya au damu, usingoje. Mpeleke mgonjwa hospitali ikakatwe nyama kidogo na kupimwa.

Mguu uliokatwa. Wapo wanaolalamika kwamba vidole vya mguu usiokuwepo vinauma au vinawasha. Watu humcheka mzee wakidhani amechanganyikiwa. La hasha! Mishipa ya fahamu na ubongo bado vinaukumbuka mguu ule. Maumivu hayo ni ya kweli na yana dawa. Kigutu kioshwe kila siku kwa maji na sabuni, kikaushwe vizuri, na kikaguliwe kama kina mchubuko. Mguu wa bandia nao huchakaa na lazima ubadilishwe. Mafundi wa viungo hivyo wanafundishwa katika nchi yetu hii, kwenye chuo kilichopo KCMC Moshi, na wengine wanafanya kazi katika hospitali kubwa. Muulizeni daktari awaandikie barua ya rufaa.

Masikio. Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na sauti inayopita 85 kwa muda mrefu inatosha kuharibu sikio. Fikirini basi yule aliyesimama karibu na mizinga kwa miezi. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, navyo vikifa havioti tena. Ndiyo maana babu hasikii mkizungumza wengi kwa pamoja, na usiku masikio yake yanavuma kama nyuki. Msimpigie kelele. Kaeni mbele yake, aone midomo yenu, mseme polepole.

Jeraha lisiloonekana

Lipo jeraha jingine ambalo eksirei haioni, nalo ni kiwewe cha vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza waganga wa Ulaya waliona askari wasio na kidonda wakitetemeka na kupoteza sauti, na wengine waliitwa waoga. Ilichukua muda mrefu hadi mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza ugonjwa huu rasmi katika kitabu chao cha magonjwa.

Dalili zake ni hizi. Mtu huota vita na kupiga kelele usingizini, au akiwa macho huona mambo yale kana kwamba yanatokea upya. Hukwepa kila kinachomkumbusha: harufu ya moshi, umati wa watu, hata mazungumzo. Moyo wake unakufa ganzi, hafurahii tena wajukuu wala ngoma. Hushtuka kwa kishindo kidogo, hukasirika upesi, halali. Dalili hizi zinaweza kutulia miaka mingi na kurudi uzeeni, mtu anapostaafu, anapofiwa na mkewe au anapobaki peke yake na mawazo.

Mke wa mzee mmoja wa upande wa Maswa alitusimulia kwamba tangu aolewe hajawahi kumwamsha mumewe kwa kumgusa. Humwita kwa jina akiwa mlangoni, kwa sababu akiguswa anaamka akipigana. Mama huyu aliishi hivyo zaidi ya miaka 30 bila kumwambia mtu, akidhani ni aibu ya nyumba yake. Wapo pia majirani wanaosema mzee kama huyo amerogwa, au anasumbuliwa na mizimu ya aliowaua. Maneno hayo humfanya ajifiche zaidi, na familia huuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine kutafuta mchawi. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Matibabu ya kwanza ni mazungumzo ya utaratibu na mtu aliyefunzwa. Zipo pia dawa za kuinua moyo zinazotolewa na daktari. Hizo huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, kwa hiyo mgonjwa asiziache baada ya siku tatu akisema hazifai, wala asizikatize ghafla akipata nafuu. Huduma ya afya ya akili inapatikana katika hospitali za rufaa, zikiwemo Bugando, Mwanza, na Mirembe, Dodoma.

Mawili ni ya kuepukwa. La kwanza ni gongo. Humlaza mtu saa mbili, kisha ndoto hurudi kwa nguvu zaidi, na ini na ndoa huharibika pamoja. La pili ni vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa dukani bila cheti. Mwili huvizoea upesi, na mzee akiamka usiku huanguka na kuvunjika nyonga.

Familia na jumuiya zifanye nini?

1. Msikilizeni. Msimlazimishe kusimulia, wala msimwambie "hayo yalipita, babu, sahau." Akianza mwenyewe, kaeni naye hadi amalize. Watoto wafundishwe kutomwuliza aliua wangapi.

2. Mpelekeni kupimwa hata kama haumwi. Mzee asiyelala na mwenye wasiwasi daima huwa katika hatari ya shinikizo la damu. Likifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, anahitaji uangalizi. Apimwe sukari, macho na masikio pia.

3. Fungieni dawa za pamba. Hili tunalisisitiza. Karibu kila nyumba yetu ina sumu ya kuulia wadudu chini ya kitanda au darini. Mzee akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake au kuaga watu, mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, sumu iondolewe, na aletwe hospitali siku hiyo hiyo.

4. Tunzeni karatasi zake. Barua ya kuachishwa jeshi, kitambulisho na vyeti vya hospitali viwekwe pamoja mahali pakavu. Mwenye swali kuhusu haki zake aanzie kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mkifika hospitali, ulizeni kwa afisa ustawi wa jamii utaratibu uliopo.

5. Msimsahau mama. Mke wa askari naye amebeba vita ndani ya nyumba. Akija kliniki na maumivu ya kichwa yasiyoisha, nasi wauguzi tumwulize usingizi wake ukoje na nyumbani kukoje. Na kama kuna kipigo, ugonjwa wa mume si ruhusa ya kumpiga mke. Mama atafutiwe usalama kwanza.

Shukrani ya kweli

Tumezoea kusema asante ya punda ni mateke. Mzee aliyekwenda vitani akiwa kijana, akarudi na chuma mguuni, kisha akaitwa mlevi, mchawi au kichaa na watu aliowapigania, amelipwa mateke. Hakuomba mnara. Wengi wa hao waliolala wodini kwetu wameomba vitu vidogo: mtu wa kuwasindikiza hadi chumba cha eksirei, blanketi, kijana wa kuwasomea maandishi ya kwenye pakiti ya dawa.

Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya hayo bila kungoja fedha za mtu. Orodhesheni wazee wa jeshi na mgambo walio katika jumuiya yenu, pamoja na wajane wao. Kila mmoja apewe kijana mmoja wa kumtembelea kila wiki, kumchotea maji, kumkumbusha dawa na kumpeleka kliniki kwa baiskeli au pikipiki. Kijana akifika asalimie, "Shikamoo babu, umelalaje?" na asimame kusikia jibu. Kama babu anajibu kwamba hakulala, mleteni kwetu kesho asubuhi.