Bei ya maharage ya Ibaba hupangiwa wapi?

Mkulima wa Ibaba, huku juu Ileje, akiuliza bei ya debe la maharage, jibu la kweli ni refu kuliko subira yake. Sehemu ya jibu iko Tunduma, sehemu Lusaka, sehemu Lilongwe, na sehemu nyingine iko London, kwenye soko la shaba. Nanunua mazao vijiji vya huku na kuyashusha mpakani, na mimi ndiye ninayeulizwa swali hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Shaba ndiyo inayoshangaza wengi. Zambia hupata zaidi ya theluthi mbili ya mapato ya mauzo yake ya nje kutokana na madini hayo, ambayo bei yake husomwa London. Shaba ikipanda, dola huingia Zambia na sarafu yake, kwacha, hupata nguvu; mnunuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, akivuka kuja Tunduma, pesa yake inanunua magunia mengi zaidi. Mwaka 2025 tuliliona hilo waziwazi. Mwezi Aprili dola moja ilikuwa takriban kwacha 28. Kufika Oktoba ilikuwa karibu 23. Shilingi yetu nayo ilipanda thamani miezi hiyohiyo, lakini si kwa kasi ile. Kwacha moja iliyokuwa chini ya shilingi 100 ikavuka 100. Ibaba hakuna aliyepalilia zaidi wala aliyepata mvua ya ziada, ila mzigo uleule ulikuwa na mnunuzi mwenye uwezo zaidi.

Upande wa Malawi mambo ni magumu zaidi. Pale Isongole, ng'ambo ya pili ni Chitipa, na kwacha ya Malawi ina thamani mbili. Ya benki ilikaa takriban 1,750 kwa dola mwaka huo wa 2025, na ya mtaani ilipita mara mbili ya hiyo. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha thamani kwa asilimia 44 kwa mkupuo. Aliyelala na kwacha mfukoni aliamka akiwa maskini zaidi. Ndiyo maana anayepokea kwacha ya Malawi huibadilisha siku hiyohiyo, hata kama mvua inanyesha.

Lakini sarafu mara nyingi huteremka kwa ngazi. Tamko la kisiasa huanguka kama mti barabarani. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza bidhaa kadhaa, zikiwamo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Aprili, Waziri wetu wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, akatoa muda hadi tarehe 23 zuio liondolewe, kisha Tanzania ikazuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa imekataa ndizi zetu. Siku chache baadaye zuio letu likaondolewa ili mazungumzo yaendelee.

Katika zile siku chache, mama mmoja wa Ibaba aliniuliza, "Mwanangu, redio inasema mpaka umefungwa. Haya maharage nimpe nani?" Katika habari ile maharage hayakutajwa, wala njia ya Zambia haikuguswa. Hata hivyo madalali walikuwa wameshafika kwake na bei ya chini, wakisema wanamsaidia. Hilo linanikera mpaka leo. Zuio lenyewe halikumhusu, hofu ya zuio ndiyo iliyotaka kumla. Nilimsomea habari nzima kwenye simu, mstari kwa mstari, naye akafunga mlango wa stoo.

Matamko ya aina hiyo si mara ya kwanza kutukuta. Mwaka 2017 Serikali yetu ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, ikataka yasagwe kwanza. Machi 2021 Kenya iliyakataa kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza ndani ya siku chache kwa masharti. Halafu mwaka 2024 ukame ukaipiga Zambia, na mahindi yaleyale yakawa yanatafutwa kwa mkataba wa tani 650,000. Sidai kwamba serikali zisilinde wakulima wao. Nchi yenye njaa ina haki ya kushika chakula chake. Nadai ilani. Mzigo ambao tayari uko njiani uruhusiwe kufika, na tamko lije na orodha kamili, kwa Kiswahili, lifike ofisi ya kata kabla halijamfikia dalali.

Tarehe 13 Agosti 2026 Wazambia wamepangiwa kupiga kura. Mwaka 2021 Hakainde Hichilema aliposhinda urais, kwacha ilipaa kwa kasi. Safari hii sijui itaelekea wapi, na anayesema anajua anauza kitu. Wakulima ninaonunua kwao nimewashauri wauze nusu ya mavuno kabla ya hapo, na nusu nyingine waiache stoo, ikaushwe vizuri.