Nani Atabeba Jeneza?

Lweba, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini nchini Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Baraka, mtu akifa hakuna anayengoja tangazo la redio. Kabla jua halijapanda, kina mama wa kanisa wameshajitwika madumu ya maji, moto umewashwa uani, na unga wa muhogo unapimwa kwa ajili ya bugali la waombolezaji. Vijana wanachukua majembe na kwenda kuchimba kaburi. Kwaya inakuja na ngoma zake. Mchungaji au katekista anasimama mbele ya jeneza na kumtaja marehemu kwa jina lake la ubatizo. Serikali haionekani kwenye matanga hayo, wala hakuna anayeitarajia. Anayezika ni kanisa, pamoja na ukoo.

Ukishaona hivyo, utaelewa kwa nini neno "kutengwa" linatisha kuliko linavyosikika. Aliyetengwa na kanisa katika vijiji vya Fizi hajakosa meza ya Bwana tu. Amekosa wa kumpikia akiugua, wa kumsimamia akioa, na wa kumbeba akifa. Kwa hiyo linapozuka swali la nafasi ya watu wanaovutiwa na jinsia yao, au wale ambao jinsia wanayoihisi si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, watu ambao dunia imezoea kuwaita LGBT, swali hilo huku halianzi na harusi. Harusi ndiyo inayopigiwa kelele. Lakini kwa mama ambaye mwanawe amefukuzwa kwaya, jambo la kwanza ni kama mtoto huyo ataruhusiwa kukaa kwenye benchi, na kama siku yake ikifika watu watakuja.

Afrika Mashariki imeshaona siku ambayo watu walikuja, kisha wakakataa kuzika. Tarehe 26 Januari 2011 David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za mashoga nchini Uganda, aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono. Miezi michache kabla ya hapo gazeti moja la Kampala lilikuwa limechapisha picha yake ukurasa wa mbele pamoja na wito wa kuwanyonga watu kama yeye. Kwenye mazishi, mhubiri aliyeitwa kuongoza ibada alishika kipaza sauti na kuanza kuwashambulia marafiki wa marehemu waliokuwa wamekaa mbele yake. Pakazuka vurugu. Wanakijiji wakakataa kulishusha jeneza, na marafiki wakalichukua na kumzika wenyewe. Aliyesimama nao kaburini na kuomba alikuwa mzee mwenye kola ya kikasisi, Askofu Christopher Senyonjo.

Senyonjo hakuwa mgeni wala mwanaharakati kijana. Alizaliwa mwaka 1931, akawa askofu wa Kianglikana wa Buganda Magharibi tangu 1974 hadi alipostaafu 1998. Baada ya kustaafu alifungua huduma ya ushauri nasaha, na vijana wakaanza kumfuata na siri zao. Alikuwa mtu wa kusikiliza, na alichokisikia kilimbadilisha. Wengi walikuwa wameombewa, wamelazimishwa kufunga, wametolewa pepo, na bado walikuwa walewale, ila sasa wakiwa na woga na mawazo ya kujiua. Aliacha kuwaambia wabadilike. Mwaka 2001 alikubali kuwa mlezi wa kikundi cha Waanglikana mashoga na wasagaji. Kanisa lake likamnyima ruhusa ya kuhudumu na baadaye likamvua haki zake za uaskofu. Alikuwa na umri wa kucheza na wajukuu kivulini. Badala yake akaanzisha Kampala kituo cha upatanisho kilichopewa jina la Mtakatifu Paulo, mahali pa kusali na kupata ushauri.

Na Fizi? Mwezi uleule wa Januari 2011 ulianza vibaya huku pia. Usiku wa Mwaka Mpya wanajeshi waliingia mji wa Fizi na kubaka wanawake wengi. Mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka, wanawake wakasimama na kutoa ushahidi, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Habari hizi mbili hazifanani, na si vema kuzilazimisha zifanane. Lakini kila aliyeishi Kivu Kusini anajua kilichofuata baada ya ubakaji mwingi wa vita: wanawake kukataliwa na waume zao, watoto kupewa majina ya dharau, wanaume waliobakwa kunyamaza kabisa kwa hofu ya kuambiwa si wanaume tena. Makanisa yalipaswa kujifunza upya kuhamisha aibu kutoka kwa aliyeumizwa na kuirudisha kwa aliyeumiza. Hospitali ya Panzi, iliyoanza Bukavu mwaka 1999 chini ya Daktari Denis Mukwege, ambaye baba yake alikuwa mchungaji, ilikua chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC. Somo hilo halikutoka ng'ambo. Limelipiwa hapahapa.

Mabishano mapya juu ya ushoga yalifika ufukweni huku kwa njia ya Wamethodisti, ambao wana waumini wengi kutoka Uvira hadi Fizi. Kanisa la Methodisti la Muungano ni kanisa moja la dunia nzima: mkutano mkuu mmoja, Kitabu cha Nidhamu kimoja. Mwaka 1972 kitabu hicho kilitamka kwamba matendo ya ushoga hayapatani na mafundisho ya Kikristo, na mwaka 1984 kikazuia kuwekewa mikono kwa wachungaji wanaoishi katika uhusiano wa jinsia moja. Wamarekani waligombana juu ya maneno hayo kwa nusu karne. Kati ya 2019 na 2023 zaidi ya sharika 7,600 za huko zilijitoa, nyingi zikiona kanisa limelegea. Kisha, mwezi wa Aprili na Mei 2024, mkutano mkuu ulikaa mjini Charlotte, na tarehe 1 Mei marufuku ya kuwawekea mikono ikaondolewa kwa kura 692 dhidi ya 51. Kesho yake sentensi ya 1972 ikafutwa nayo.

Hapa yafaa kutulia kidogo, kwa sababu kilichosimuliwa kwenye redio na simu za mkononi sicho hasa kilichopitishwa. Hakuna mchungaji wa Kivu aliyeamriwa kufungisha ndoa ya wanaume wawili. Sheria mpya inasema mchungaji halazimishwi wala hazuiwi, na ndoa imeelezwa kwa namna inayoacha nafasi kwa mume na mke na pia kwa watu wazima wawili. Maaskofu wa Afrika walisema wazi kwamba kwao ndoa inabaki ya mwanamume na mwanamke, na wakasema pia hawaondoki. Wamethodisti wa Ivory Coast waliondoka mwezi huohuo wa Mei. Lipo lalamiko lingine ambalo ni la haki kabisa: karibu theluthi ya wajumbe walipaswa kutoka Afrika, lakini makumi yao hawakufika, wengi kwa kukosa viza, na hoja kubwa ilipita katika fungu la mambo yanayopigiwa kura pamoja, bila mjadala ukumbini. Mkristo wa Fizi anayesema "hatukuulizwa" hasemi uongo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi wa waliolikasirikia neno la Charlotte hawakuwahi kulisoma. Kitabu cha zamani, kilekile cha marufuku, kilikuwa tayari kinazisihi familia na makanisa kutowakataa wala kuwahukumu washiriki wao mashoga na wasagaji. Mwaka 2005, mchungaji mmoja wa Virginia alipomnyima mwanamume uanachama kwa sababu alikuwa shoga, maaskofu wa dunia nzima waliandika waraka wakisema hali hiyo si kizuizi cha kuwa mshiriki wa kanisa. Wakatoliki nao wako hivyo. Katekisimu yao ya 1992 inakataza matendo, lakini inaagiza mtu apokelewe kwa heshima na huruma, na kwamba ubaguzi usio wa haki dhidi yake uepukwe. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alipotangaza mwezi wa Januari 2024, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, kwamba baraka kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika bara hili, hakufuta agizo hilo. Na Papa Fransisko, aliyesali na zaidi ya watu milioni moja uwanja wa ndege wa Ndolo mjini Kinshasa tarehe 1 Februari 2023, siku nne baadaye alikuwa ndani ya ndege akirudi Roma kutoka Juba, ameketi pamoja na kiongozi wa Waanglikana na yule wa Wapresbiteri wa Scotland, akisema kwamba kuwafanya watu hawa wahalifu ni udhalimu. Wenzake wawili wakamuunga mkono.

Kwa maneno mengine, mzee wa kanisa anayemfukuza kijana kwaya hawezi kujificha nyuma ya kanisa lake. Kanisa lake, hata lile lenye msimamo mkali juu ya ndoa, halikumpa ruhusa hiyo.

Wanaofanya kazi ya kuwapatia watu hawa nafasi makanisani katika ukanda huu wanalijua jambo hilo, na wengi wao huanzia hapo. Nairobi, Mchungaji John Makokha aliongoza usharika wa Kimethodisti mtaa wa Riruta uliojitangaza waziwazi kuwapokea. Ulikuwa miongoni mwa sharika za kwanza Afrika kufanya hivyo. Tangu 2013 jiji hilo lina pia jumuiya ya ibada iliyoanzishwa na waumini wenyewe waliochoka kukaa kanisani wakisikia wanahubiriwa kama tauni. Nje kidogo ya jiji, wakimbizi wa Uganda walioponea chupuchupu walikaa pamoja na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Leeds, wakasoma hadithi ya Danieli katika tundu la simba, kisha wakaiigiza kwa maisha yao: simba ni nani, mfalme ni nani, na nani alipeleka mashtaka. Kitabu cha kazi hiyo kilitoka mwaka 2021.

Hadithi nyingine inayorudiwa sana katika mafunzo hayo ni ya towashi wa Kushi katika Matendo ya Mitume. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamfahamu. Torati ilimzuia mtu wa namna yake kuingia katika kusanyiko, lakini alipoyaona maji na kuuliza kizuizi ni nini, Filipo alishuka naye akambatiza. Wanaopinga watajibu kwa Mambo ya Walawi na kwa sura ya kwanza ya Warumi, na maandiko hayo yapo, hayafichiki. Ila kanisa la Afrika limeshawahi kukaa mbele ya andiko gumu na mtu halisi kwa wakati mmoja, likachagua kumsikiliza mtu. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana walikutana katika mkutano wao wa Lambeth, London, wakakataa kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi. Kwa miaka mia moja wazee wa vijijini walikaa benchi la nyuma, au waliwafukuza wake na watoto ili wapate maji ya ubatizo. Askofu David Gitari wa Kenya alisimama akasema ukatili huo haukuwa injili, na mwaka 1988 mkutano wa Lambeth ukabadili msimamo: abatizwe, asiongeze mke, na asiwatupe alio nao. Ndoa ya mke mmoja ilibaki kuwa mafundisho. Kilichobadilika ni mlango. Nani huku Fizi hana babu aliyesubiri nje ya mlango huo?

Kongo yenyewe ina nafasi ambayo baadhi ya majirani hawana. Katiba ya 2006, ibara ya 40, inatambua ndoa ya watu wa jinsia tofauti tu, lakini sheria ya jinai haina kifungu kinachoutaja uhusiano wa jinsia moja kuwa kosa. Miswada ya kuuharamisha iliyopelekwa bungeni mwaka 2010 na 2013 haikupita. Ndiyo sababu Bukavu shirika kama Rainbow Sunrise Mapambazuko liliweza kufanya kazi kwa jina lake, ingawa polisi wangeweza kutumia kifungu cha uvunjaji wa adabu hadharani, na ingawa vitisho havikwisha.

Tangu 2024 Wamethodisti pia walikuwa wakipigia kura mpango wa kuligawa kanisa katika kanda zenye haki sawa, ambapo Kongo itapanga kanuni zake za ndoa na za nidhamu badala ya kuletewa kutoka Marekani. Mikutano ya mwaka duniani kote iliuthibitisha mwaka 2025 kwa kura nyingi sana. Kwa hiyo lile lalamiko la "hatukuulizwa" sasa limepata jibu: tunaulizwa. Wachungaji na walei wa Uvira, Baraka na Fizi ndio watakaosema kama lile ombi la zamani, la kutowakataa watoto wa kanisa, litaandikwa tena kwa mkono wa Kikongo.

Kijana wa Lweba anayefukuzwa nyumbani kwa sababu hii, akitazama ng'ambo ya ziwa, anaona milima ya Burundi, ambako tangu 2009 sheria inamfunga hadi miaka miwili, na kusini zaidi Tanzania, ambako kifungo chaweza kuwa cha maisha. Boti za Kigoma haziwezi kumsaidia. Bukavu ni mbali na nauli ni kubwa. Kilicho karibu ni nyumba ya shangazi, kama shangazi atakubali, na jengo la bati lenye rimu kuukuu ya gari iliyotundikwa mtini badala ya kengele, ambayo mzee wa zamu ataigonga saa kumi na moja alfajiri, na sauti yake itamfikia huyo kijana popote alipolala.