Jinsi Mchu Unavyovuta Pumzi

Msomaji mmoja wa mwambao ametuandikia kuhusu michu, jamii mojawapo ya mikoko, iliyo karibu na kwao. Ni miti mikubwa, imekauka ikiwa imesimama, haina alama ya shoka wala ya moto. Mvua kubwa zilishusha udongo mwingi kutoka bara, maji ya mto yakawa mekundu kwa majuma kadhaa, na baadaye majani yakaanza kupukutika. Anauliza: mti uliozaliwa matopeni unauawaje na tope?

Umekosa pumzi. Hilo ndilo jibu, na ningeweza kuishia hapo, lakini namna mchu unavyopumua ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote ninayoyajua katika elimu ya mimea, nami sitakubali kulipita mbio. Habari za jamii za mikoko na faida zake kwa samaki, kamba na kaa zimekwisha kusimuliwa sana. Twende chini ya tope.

Tope la mkokoni, milimita chache tu chini ya uso wake, halina oksijeni. Iliyokuwamo imekwisha kuliwa na bakteria, na bakteria wa chini zaidi wanatumia salfeti ya maji ya bahari badala yake. Kutoka kwao hutoka ile harufu ya yai viza inayompanda mtu puani akizama mpaka ugokoni. Oksijeni mpya haifiki kirahisi, kwa sababu hupenya majini polepole mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani. Mzizi ni kitu hai na lazima upumue, basi hewa yake sharti itoke juu.

Mizizi mikuu ya mchu hutambaa chini kwa chini kila upande wa shina, na kutoka humo huchomoza vijiti vilivyosimama wima, vya unene wa penseli, shubiri moja hivi juu ya tope. Mti wa kimo cha mita 2 hadi 3 tu unaweza kuwa na vijiti zaidi ya 10,000. Wapo wanaoviita mizizi hewa. Jina hilo silipendi. Jamii nyingine, mkoko wenyewe, nayo ina mizizi inayoshuka kutoka matawini na kuning'inia hewani, na mtu akisema mizizi hewa hujui anasema ipi. Mimi naandika mizizi-pumzi. Hewa ni kitu, pumzi ni tendo, na hapa tendo ndilo linalotuhusu.

Ukate mmoja kwa kisu, upande kwa upande. Nje kuna gamba jembamba la hudhurungi. Ukilikwaruza, chini yake utakuta rangi ya kijani, maana mzizi huu unaoona jua hujitengenezea chakula kidogo. Ndani kumejaa sponji nyeupe, laini. Iminye ndani ya maji uone mapovu yanavyopanda. Wavuvi wa mwambao waliijua tabia hii kabla ya maabara yoyote: mizizi-pumzi ya mlilana, jamii nyingine ya mikoko, ambayo ni minene kuliko ya mchu, ilichongwa kuwa maboya ya nyavu.

Kwenye gamba kuna vinyweleo, madoa madogo ambayo hewa hupita na maji hayapiti. Tundu zake ni ndogo mno, tena ngozi yake haikubali kulowa, hivyo hata bahari ikivifunika, maji hubaki nje.

Sasa fuata maji yakijaa. Vinyweleo vimefunikwa, hakuna hewa inayoingia, lakini mzizi haukuacha kupumua. Unakula oksijeni iliyomo ndani na kutoa kaboni dioksaidi. Kwenye chupa kavu iliyofungwa kanieneo, yaani msukumo wa hewa iliyomo, isingebadilika sana, kwa kuwa gesi moja ingeshika nafasi ya nyingine. Mzizi, hata hivyo, umezungukwa na maji, na kaboni dioksaidi huyeyuka majini kwa wepesi wa karibu mara 30 kuliko oksijeni. Ikitolewa tu, inayeyuka na kwenda zake. Kilicholiwa hakina mbadala. Kuta za sponji ni imara, hazibonyei, kwa hiyo ndani kunabaki nafasi isiyojaa, na kanieneo inashuka saa baada ya saa. Maji yakipwa, ncha ya kwanza ikichomoza juu, hewa ya nje inafyonzwa kwa nguvu. Mti umevuta pumzi.

Mfikirie mhunzi na mvukuto wake. Mvukuto ni mfuko wa ngozi. Kijana anauinua, nafasi ya ndani inapanuka, hewa inaingia mbio. Anaukandamiza, hewa inakwenda motoni. Mchu una mvukuto wa mizizi, na moto wake ni chembe hai zinazounguza sukari iliyoteremshwa na majani. Mvukutaji wake ni mwezi, ukisaidiwa na jua, unaoipandisha bahari na kuishusha mara mbili kwa siku bila kuchoka. Siku za bamvua mvukutaji huyu hufanya kazi kwa mikono yote miwili, maji yanafika hadi kwenye michu ya mwisho kabisa upande wa nchi kavu. Siku za maji mafu anavuta kidogo tu, na michu ile ya juu haifikiwi. Na uzuri wa mvukuto huu ni kwamba mfuko haupanuki hata kidogo. Moto wenyewe ndio unaokula hewa na kuiacha nafasi, kisha nafasi hiyo ndiyo inayoita hewa mpya ya kulisha moto. Ziba kinywa cha mvukuto kwa udongo, na moto utazimika hata kama makaa yamejaa pomoni.

Aliyeyapima haya ni mwanafiziolojia Per Scholander pamoja na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1955. Waliona kanieneo na oksijeni zikishuka ndani ya mizizi ya mchu wa Amerika maji yalipojaa, na hewa ikifyonzwa yalipokupwa. Kwa mkoko walipaka grisi kwenye vinyweleo, na baada ya siku mbili hivi oksijeni ya mizizini ilianguka hadi asilimia 2 au chini ya hapo, ilhali hewa tunayovuta ina asilimia 21. Sehemu nyingine ya hewa hupenya yenyewe polepole bila kufyonzwa, lakini njia ni ile ile ya vinyweleo.

Kwa hiyo udongo ukifunika ncha za mizizi-pumzi, vinywa vimezibwa. Ndivyo ilivyotokea katika hori la Mwache, Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998: matope kutoka bara yaliifunika mizizi na sehemu kubwa ya msitu ikafa imesimama. Mafuta huua kwa njia hiyo hiyo, na Mombasa ililiona hilo mwaka 1988, mafuta yalipomwagika na kuharibu mikoko ya Makupa. Huua pia tuta la barabara au la shamba la chumvi linalozuia maji yasitoke, kwa sababu bahari isiyokupwa haiupi mchu nafasi ya kuvuta pumzi. Naudhika ninapoona hesabu ya miche iliyopandwa ikitangazwa kwa fahari huku hori lenyewe limezibwa.

Msomaji wetu anauliza pia kama michu hiyo inaweza kuokolewa. Iliyokauka kabisa haitarudi. Yenye majani bado ina nafasi, kwa sababu tope likipanda kidogo kidogo mchu hurefusha mizizi-pumzi yake na kulifuata; unachoshindwa ni tope la ghafla. Aende maji yakipwa, atazame kuzunguka kila shina. Penye ncha nyingi bado zimejitokeza, asipaguse. Pale zilipofukiwa zote apande miche mipya, maana mche mchanga utatandaza mizizi yake katika kina cha tope la leo. Kazi kubwa iko bara, kwenye mashamba ya kando ya mto: makinga maji na nyasi za kuushika udongo kabla ya mvua kubwa nyingine.