GPS ya pikipiki: Chagua ramani kwanza, kifaa baadaye

MWENDESHAJI pikipiki anayetoka Nairobi kuelekea Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ana njia tatu kuu za kufika huko.

Anaweza kupitia Maralal, Baragoi na South Horr. Anaweza kufuata lami ya barabara kuu ya Moyale hadi Laisamis, kisha akachepuka kushoto. Au anaweza kuendelea hadi mjini Marsabit na kuteremka kupitia jangwa la Chalbi.

Katika skrini ya kifaa cha GPS, njia zote hizo ni mistari tu. Kifaa hakimwarifu msafiri kwamba Chalbi ikinyeshewa hugeuka tope linalomeza magurudumu, wala kwamba mto uliokuwa mkavu asubuhi waweza kufurika jioni kwa sababu ya mvua iliyonyesha milimani, mbali na macho yake.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Huingia dukani wakitafuta kifaa chenye skrini kubwa na mapambo mengi, ilhali setilaiti humwambia mtu jambo moja tu: mahali alipo. Kilicho mbele yake huelezwa na ramani, na ramani huchorwa na binadamu, katika tarehe fulani, kwa ujuzi wenye mipaka.

Kwa hivyo, anayejiandaa kwa safari ndefu ya pikipiki hana budi kuchagua ramani kwanza, ndipo atafute kifaa kinachoweza kuibeba.

Mfumo unavyofanya kazi

GPS ni mfumo uliobuniwa na Idara ya Ulinzi ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kuwa tayari mwaka 1995. Setilaiti hizo huizunguka dunia zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini.

Kila setilaiti hutangaza bila kukoma mahali ilipo na saa kamili. Kifaa kilicho kwenye pikipiki hupokea matangazo hayo, hupima muda yaliochukua kufika, kisha hukokotoa umbali. Kikipata setilaiti nne au zaidi, huweza kubainisha mahali kilipo.

Hadi mwaka 2000, Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi yaliyotumiwa na raia, hivi kwamba kosa lingeweza kufikia mita 100. Uvurugaji huo ulikomeshwa mwezi Mei mwaka huo kwa amri ya Rais Bill Clinton, na biashara ya vifaa vya uelekezi ikastawi.

Vifaa vingi vya sasa hupokea pia mawimbi ya GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Hilo husaidia katika mabonde yenye kuta ndefu na mijini penye majumba marefu, ambapo sehemu kubwa ya anga huzibwa.

Huduma hiyo haitozwi ada, wala haihitaji mtandao wa simu. Kinachohitaji mtandao ni ramani, endapo haikuhifadhiwa mapema ndani ya kifaa. Msafiri anayetegemea ramani ya kupakuliwa njiani hubaki na kitone cha buluu juu ya skrini tupu mara anapoliacha eneo lenye mawimbi ya simu, na kaskazini mwa Kenya yako maeneo mengi ya aina hiyo.

Ramani ya nani, ya lini?

Swali la kwanza kwa muuzaji ni ikiwa kifaa kina ramani kamili ya nchi atakakosafiri mnunuzi. Kifaa kilichotengenezewa soko la Ulaya huenda kikawa na kila kichochoro cha Paris, huku Kenya ikionyeshwa kwa barabara kuu chache.

Swali la pili ni ikiwa kifaa kinakubali kuongezwa ramani kutoka kwingine. Hili ni muhimu kwa sababu kuna ramani mbili zinazowafaa sana wasafiri wa Afrika.

Ya kwanza ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea kote duniani na hutolewa bure. Hapa Kenya, vijana wa Kibera walianza kuitumia kuchora mtaa wao mwaka 2009, wakati mtaa huo ulikuwa karibu pengo tupu katika ramani za kawaida.

Ya pili ni Tracks4Africa, ya Afrika Kusini, ambayo huuzwa. Imetokana na kumbukumbu za safari za watu waliopita kwenyewe wakiwa na vifaa vyao, na imelenga hasa barabara za mbali.

Umri wa ramani nao si jambo dogo. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, ilikuwa ya mawe na vumbi kabla ya kutiwa lami na kukamilika katika miaka ya 2010. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo bado huihesabu kama njia ya mateso, na kifaa kinachoiamini huweza kumkokotolea msafiri muda usio na maana.

Vilevile barabara ya Laisamis hadi Sarima, yapata kilomita 208, ilikarabatiwa ili kupitisha mitambo ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Katika ramani ya zamani, njia hiyo ni ya kuchepukia tu.

Mnunuzi achunguze pia mipangilio ya njia. Kifaa kinachojua tu "njia fupi" na "njia ya haraka" hakimfai anayetaka kuepuka changarawe, au kinyume chake, anayeitafuta. Bora ni kile kinachomruhusu kuchora njia yake mwenyewe kwenye kompyuta nyumbani, akaihifadhi katika faili la aina ya GPX, kisha akaifuata njiani bila kifaa kuibadilisha bila idhini.

Herufi moja, kilomita 600

Kenya imekatwa na Ikweta, na jambo hilo huwatega wengi. Loiyangalani iko karibu na latitudo 2.75 Kaskazini na longitudo 36.72 Mashariki. Msafiri akiandika S badala ya N, kifaa kitampeleka karibu na mji wa Longido, nchini Tanzania, zaidi ya kilomita 600 kusini mwa alikokusudia.

Kosa la namna hiyo angalau huonekana mapema. Lililo baya zaidi ni dogo. Digrii moja ina dakika 60, kwa hivyo digrii 2 na dakika 45 ni sawa na 2.75. Anayeandika 2.45 kwa kudhani ni kitu kimoja hukosea kwa digrii 0.3, na maadamu digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, atakuwa amepotoka kilomita 33. Mahali pasipo kituo cha petroli, umbali huo waweza kummalizia mafuta.

Kwa sababu hiyo, kifaa kizuri ni kile ambacho namna yake ya kuandika latitudo na longitudo hubadilishwa kwa urahisi, na mwenyewe awe amejizoeza kuitumia kabla ya kuondoka.

Simu au kifaa maalumu?

Wengi huuliza sababu ya kutumia pesa nyingi ilhali simu wanayo mfukoni. Swali hilo ni la haki. Simu yenye programu kama OsmAnd au Organic Maps, ambazo huhifadhi ramani ndani, inatosha kabisa kwa safari za lami na miji, mathalani Nairobi hadi Mombasa au Kisumu.

Hata hivyo, simu ina maadui watatu kwenye pikipiki. Wa kwanza ni mtetemo. Septemba 2021, kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki kubwa, ikipitishwa kwenye usukani, yaweza kudhoofisha kamera za iPhone. Anayefunga simu kwenye usukani basi atafute kishikilio chenye mpira wa kupunguza mtetemo.

Adui wa pili ni joto. Kampuni hiyo hiyo hushauri simu zake zitumiwe mahali penye joto lisilozidi nyuzi 35. Simu iliyo juani mchana huko Turkana, ikichajiwa na skrini ikiwaka, hupita kiwango hicho upesi. Hapo hupunguza mwangaza au hujizima kabisa, hasa wakati mwenyewe anapoihitaji.

Wa tatu ni glavu. Skrini nyingi za simu hazitambui kidole kilichofunikwa kwa ngozi, na mwendeshaji anayevua glavu akiwa mwendoni anacheza na uhai wake.

Vifaa maalumu vya pikipiki, kama vile zūmo za Garmin na Rider za TomTom, viliundwa kukabili mambo hayo: mwangaza wa kushinda jua, vitufe au picha kubwa za kugusa kwa glavu, na mwili usiopenya maji. Ubaya wake ni bei, na kwamba havina kazi nyingine safari ikiisha.

Anayechagua aangalie alama za kinga. IPX7 humaanisha kwamba kifaa hustahimili kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, lakini haisemi lolote juu ya vumbi. IP67 huongeza kinga kamili dhidi ya vumbi, na kwa barabara za changarawe hiyo ndiyo ya kutafutwa.

Umeme na mahali pa kufunga

Betri ya ndani ya kifaa haitoshi siku nzima. Kifaa kiunganishwe na betri ya pikipiki, ambayo kwa kawaida ni ya volti 12, kupitia kigeuzi kinachotoa volti 5 za USB, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Fundi aunganishe waya huo na swichi ya kuwashia, ili kifaa kisiinyonye betri pikipiki inapoegeshwa usiku.

Mahali pa kukifunga ni karibu na mstari wa macho, bila kuziba kipimamwendo wala kuzuia usukani kugeuka kikamilifu. Kadiri mwendeshaji anavyoinamisha kichwa, ndivyo anavyoacha kuona barabara. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Kutazama skrini kwa sekunde mbili ni kupita mita 44 bila kuangalia mbele, na mbuzi au shimo halihitaji nafasi hiyo yote.

Ndiyo maana vipaza sauti vidogo ndani ya helmeti, vinavyopokea maelekezo bila waya, ni bora kuliko skrini kubwa. Sauti iwe ya kiasi, ili honi za magari zisikike.

GPS haiiti msaada

Dhana potovu iliyoenea ni kwamba mtu mwenye GPS anaweza kupatikana akipotea. Ukweli ni kwamba kipokezi cha GPS hupokea tu. Hakitumi chochote, na setilaiti hazijui kuwa yupo.

Anayetaka kuita msaada pasipo mtandao wa simu anahitaji kifaa cha aina nyingine, kinachotuma ujumbe kupitia setilaiti za mawasiliano kama vile za Iridium. Vifaa hivyo hulipiwa ada. Kwa anayesafiri peke yake nyikani, ada hiyo huenda ikawa na thamani kuliko skrini yoyote kubwa.

Kabla ya safari ndefu, kifaa kijaribiwe kwa safari ya siku moja mahali panapojulikana. Mmiliki akizime kisha akiwashe, akifuate, apotee makusudi na aone kitafanya nini. Siyo busara kujifunza vitufe ukiwa juu ya mawe ya volkano, jua likizama.

Hata baada ya yote hayo, wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Ramani ya karatasi haihitaji betri, na humwonyesha msafiri eneo zima kwa mtazamo mmoja.

Na kabla ya kuiacha lami pale Laisamis au Marsabit, azime injini, avue helmeti na awaulize madereva wa malori waliotoka upande wa pili siku hiyo. Wao ndio wanaojua kama mvua imenyesha, kama mto unavukika, na kama petroli inapatikana mbele. Taarifa hizo hazimo katika setilaiti yoyote.