Injini ya Mashine ya Kusaga Ikikataa Kuwaka

Katika nchi ya Kitale na Bungoma mahindi ndiyo chakula na ndiyo fedha, lakini hayawi ugali mpaka yasagwe. Umeme umefika katika masoko mengi ya pande hizo. Hata hivyo ziko bado mashine za kusaga zinazozungushwa na injini ya dizeli. Asubuhi injini inapokataa kuwaka, akina mama waliotembea na debe kichwani hungoja bure, au hurudi nyumbani na mahindi yao. Mwenye mashine naye hupoteza mapato ya siku, na pengine humlipa fundi ambaye hafanyi kazi yo yote ila kufungua bomba la mafuta lililosahauliwa.

Kwa hiyo yafaa kila mwenye mashine ajue injini yake inataka nini. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini hii huitwa kwa jina lake, alifaulu kuionyesha ikifanya kazi vizuri mwaka 1897. Haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja ya 16 au ya 20 ya ukubwa wake wa kwanza. Hewa ikibanwa hivyo kwa ghafla hupata moto mkali, na mafuta yakirushwa humo kama ukungu huwaka yenyewe. Basi injini hutaka mambo matatu tu: mafuta safi, hewa safi, na mbano wa kutosha. Hata wavuvi wa Ziwa Victoria, ambako mto Nzoia huishia, wenye injini ya petroli katika mashua zao hujiuliza maswali hayo hayo, ila wao huongeza la nne, yaani cheche.

Kabla ya kushika spana, mwenye mashine na atazame yaliyo wazi. Je, tangi lina mafuta? Bomba limefunguliwa? Kile kijiti cha kuzimia injini kimerudishwa mahali pake? Ukanda wa kinu nao utolewe, maana injini baridi haiwezi kuamka huku inakokota mzigo.

Kisha azungushe hendeli na kuutazama moshi. Kama hautoki moshi hata kidogo, mafuta hayafiki katika silinda. Kama watoka moshi mweupe, mafuta yanafika lakini hayawaki. Hapo shida ni baridi au mbano hafifu.

Mafuta yasipofika, aghalabu kosa ni maji, taka au hewa katika paipu. Kitale iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,900, na usiku wake ni wa baridi. Tangi lililo nusu tupu hutoa jasho ndani. Maji hayo ni mazito kuliko dizeli, nayo hukaa chini, mahali mafuta yanapotokea. Yamwagwe, na chujio lisafishwe au libadilishwe. Baada ya hapo hewa itolewe: nati iliyo kwenye pampu ilegezwe kidogo, mafuta yaachwe yatiririke mpaka mapovu yaishe, kisha ikazwe. Nati ya nozo nayo ifanyiwe vivyo hivyo huku injini ikizungushwa polepole. Mtu asiweke kamwe mkono mbele ya nozo inayorusha mafuta. Mafuta hayo hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi, na jeraha dogo kama la sindano laweza kumkosesha mtu mkono. Aliyepatwa na jambo hilo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haoni maumivu.

Upande wa hewa, mashine ya kusaga ina adui wake, nao ni unga. Vumbi la unga hujaa katika chujio la hewa mpaka injini ikose pumzi. Chujio na likaguliwe mara kwa mara.

Kuhusu mbano, hendeli ikizungushwa polepole sharti mkono usikie ukinzani mkubwa. Ikizunguka kwa urahisi, pengine valvu imekwama, gasketi imepasuka, au ringi za pistoni zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi. Lakini mteja anayeweza kumwambia, “Mafuta yanafika, hewa ni safi, mbano hauna nguvu,” humpunguzia fundi muda wa kutafuta, na mwenyewe hupunguza gharama.

Yako mambo mawili ya kukataza. Wengine humwagia petroli katika njia ya hewa ili kuilazimisha injini. Kufanya hivyo kwaweza kuivunja na kuwaunguza waliopo. Wengine huwasha injini ndani ya chumba kilichofungwa, na moshi wake una sumu isiyo na harufu. Anayezungusha hendeli naye akunje kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi nyuma isimvunje mkono.

Kila jioni, kazi ikiisha, tangi na lijazwe ili jasho lisipate nafasi, unga ufutwe, na oili ipimwe. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na akina mama wa kesho watakuta kinu kinanguruma.