Chupa ya Sumu Inatufundisha Nini?



Wengine hukusanya stempu, wengine sarafu. Lakini huko Uingereza na Marekani kuna watu wanaokusanya vitu vya wauza dawa wa zamani: chupa, mizani midogo, vinu vya kutwangia dawa, mabomba ya sindano, mitungi ya kuwekea ruba, na hata viko vya udongo vya kuvutia tumbaku. Utasikia mtu akiuliza, "Takataka hizi zina faida gani?" Hebu tuieleze faida hiyo, na hatari yake pia, maana jambo hili linafika mpaka jikoni mwetu.

Sumu ndani ya peremende

Mwaka 1858, katika mji wa Bradford, Uingereza, mtengenezaji mmoja wa peremende alimtuma mtu kwa mwuza dawa kununua unga mweupe wa jasi. Siku hizo sukari ilikuwa ghali, na unga huo ulichanganywa ndani yake ili kupunguza gharama. Msaidizi wa duka akachota kwenye pipa ambalo halikuwa na alama ya kueleweka. Kumbe ilikuwa aseniki! Peremende zikauzwa sokoni, watu kama 20 wakafa na zaidi ya 200 wakaugua. Watoto walikuwa miongoni mwao.

Msiba huo ulisaidia kuleta sheria ya mwaka 1868, iliyosema sumu iuzwe na watu waliosajiliwa, na chombo chake kiandikwe wazi kwamba ni sumu. Lakini maandishi peke yake hayatoshi. Usiku nyumba ilikuwa na mshumaa tu, na watu wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo watengenezaji wakatoa chupa za sumu za rangi ya buluu au kijani, nyingi zikiwa na pembe sita, na matuta ubavuni. Ukiishika gizani, mkono wenyewe unakuambia, "Ngoja, hii si ya kunywa."

Chupa hizo ndizo wakusanyaji wengi wanazipenda sana. Ni kioo tu, lakini kila tuta limewekwa pale kwa sababu kuna mtu aliyekufa.

Moshi uliodhaniwa ni dawa

Vitu vingine vinachekesha, kisha vinatufikirisha. Mwaka 1774 kilianzishwa chama huko London cha kuokoa waliozama majini. Kando ya mto Thames viliwekwa visanduku vyenye mvukuto na bomba. Kazi yake? Kumpulizia mtu moshi wa tumbaku kupitia njia ya haja kubwa, ati apate joto na kuamka! Baadaye ilifahamika kwamba tumbaku ni sumu kwa moyo, na njia hiyo ikaachwa.

Pia ziliuzwa sigara za wagonjwa wa pumu, zilizotengenezwa kwa majani ya datura. Majani hayo hulegeza njia za hewa kidogo, lakini yakizidi humfanya mtu aweweseke. Waliouza hawakuwa wajinga wala waovu wote. Walitumia elimu waliyokuwa nayo.

Kukusanya kwa busara

Mkusanyaji maarufu kuliko wote alikuwa Henry Wellcome, mzaliwa wa Marekani aliyetajirika kwa biashara ya dawa huko London. Alifungua makumbusho mwaka 1913, na alipofariki mwaka 1936 aliacha vitu zaidi ya milioni moja, vingine kutoka Afrika. Vingi vilikuwa bado vimefungwa ndani ya masanduku. Hapo tunaona kasoro: kitu bila habari zake ni bubu. Ukipata chupa ya zamani, andika ilipatikana wapi, ya nani, na ilitumika kwa nini. Mzee anayekumbuka ana thamani kuliko chupa yenyewe.

Tena, angalia yafuatayo:

1. Dawa ya zamani si dawa. Usionje, usinuse. Dawa nyingi za siku zile zilikuwa na kasumba, zebaki au aseniki.

2. Usifungue kwa nguvu chupa yenye kitu kilichokauka kwenye kizibo. Kemikali nyingine, kama asidi ya pikiriki, zikikauka zinaweza kulipuka. Iache hapo hapo, uite watu wa maabara au wa afya.

3. Zebaki ya kipimajoto ikimwagika, fungua madirisha, ondoa watoto, na usifagie kwa ufagio.

4. Sumu nyingine hazizeeki. Miaka ya 1920 iliuzwa Marekani dawa ya maji yenye radi, jina lake Radithor. Tajiri Eben Byers aliinywa kwa wingi akafa mwaka 1932. Chupa zake mpaka leo hutoa mionzi.

5. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inavihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Usiviuze nje bila kibali. Waulize watu wa Makumbusho ya Taifa kwanza.

Na nyumbani kwetu?

Sasa turudi jikoni. Mafuta ya taa yako ndani ya nini? Kwa nyumba nyingi yako ndani ya chupa ya soda, na dawa ya kunyunyizia mboga iko ndani ya chupa ya maji. Mtoto mwenye kiu anaona soda. Mkono wake haumwonyi, kwa sababu chupa hiyo inajulikana kwa utamu.

Tufanye kama wale wa zamani: chombo cha sumu kiwe cha namna yake, kisichofanana na cha kunywea. Tumia kopo au dumu, lifunge kamba ya katani ili hata gizani mkono ujue, na uliweke juu au ndani ya kabati yenye kufuli. Dawa za shamba zibaki kwenye mikebe yake zilimonunuliwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimlazimishe kutapika, maana yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na ubebe kile chombo.

Jioni ya leo, kabla ya kuwasha taa, zunguka nyumba uhesabu chupa.